Nani Kakwambieni Macho Mekundu ni Uchawi?



Leo sina mshono mpya wala rangi ya hina ya kukuonesheni. Leo nina neno, na wapo litakaowachoma. Nawaomba radhi mapema, kisha naliendea.

Nina wateja wengi upande wa Kahama na Geita. Dhahabu ipo kule, harusi hazikatiki, na wanawake wa Kiislamu wa kule wanapenda mishono ya Unguja. Juzi juzi mmoja wao, bibi harusi mtarajiwa, kanitumia ujumbe wa sauti. Gauni lake nilishalimaliza, lilibaki kupakiwa tu. Akaniomba nisilipeleke kwao mchumba wake kama tulivyokubaliana, nilipeleke kwa shoga yake, kwa sababu hataki mama mkwe aliguse. "Ana macho mekundu yule bibi, dada. Tena moja limetoka nje. Huku tunajua maana yake."

Huku tunajua maana yake. Maneno manne tu, lakini yana makaburi nyuma yake.

Kwa asiyejua: Shinyanga, Geita, Mwanza na maeneo ya jirani, kwa miaka mingi mwanamke mzee mwenye macho mekundu ameishi na hukumu yake usoni. Serikali ilipohesabu waliouawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, walipatikana zaidi ya watu 3,000, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani. Wala si habari za zamani zilizokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa bado kinaripoti mamia ya mauaji ya aina hii kwa mwaka. Kule Magu liko shirika la MAPERECE ambalo kazi yake ni kuwatetea wazee, na mauaji haya ni sehemu kubwa ya kilio chao.

Wanaoua wana jina, wakata mapanga. Kabla ya mkata panga yupo mganga wa ramli chonganishi. Na kabla ya mganga yupo mtu wa nyumbani aliyesema, "Macho ya yule bibi mimi siyaelewi." Huyu wa mwisho ndiye ninayemtaka leo, maana wakata mapanga hawasomi ukurasa huu. Anayesoma ni mkamwana, ni wifi, ni jirani anayekaa barazani akisuka ukili na maneno. Mwaka 2009, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wa kienyeji. Ramli haikwisha, kwa sababu ramli haihitaji kibali, inahitaji mteja. Na mteja ni sisi.

Sasa tuyazungumze macho yenyewe.

Mwanamke wa kijijini Shinyanga ameanza kupuliza moto tangu yuko mtoto. Ardhi ile ilikatwa miti mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudisha. Pasipo kuni watu huwasha samadi kavu ya ng'ombe na miti ya pamba. Chukua miaka hamsini ya moshi huo ndani ya jiko lisilo na dirisha. Juu yake weka ugonjwa wa vikope, trakoma, unaowaumiza wanawake zaidi kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto, mpaka kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Juu yake tena weka vumbi, na uzee unaokausha machozi. Hapo unatafuta mchawi wa nini?

Mnakumbuka Januari 2024? Macho mekundu yalianza Dar es Salaam yakaenea mikoani, Wizara ya Afya ikatoa tangazo, watu wakaambiwa wanawe mikono na wasitie dawa za kubuni machoni. Macho ya vijana, ya makarani, ya wanafunzi, yote mekundu kama pilipili. Hakuna aliyesema Dar es Salaam nzima imekuwa ya wachawi. Kumbe wekundu ule ule ukikaa kwa kijana ni maradhi, ukikaa kwa bibi mjane mwenye shamba ni uchawi. Na hilo la shamba sikulitia kwa bahati mbaya. Ukifuatilia kesi hizi mara nyingi utakuta nyuma ya tuhuma upo urithi.

Lakini yule mteja wangu alisema neno moja ambalo wengi wangelipita: moja limetoka nje. Moshi hauchagui jicho. Moshi unayachoma yote mawili. Basi nikamuuliza, je, huyo mama analalamika kusikia kitu kichwani? Akacheka. "Anasema anasikia kama upepo, unavuma na kuacha, unavuma na kuacha, usiku halali. Si ndiyo hayo majini yake, dada."

Mimi sikucheka, maana hadithi hiyo naijua. Shangazi yangu, hapa hapa Unguja, alikaa karibu mwaka mzima na jicho la namna hiyo. Alipewa matone, yakaisha, akapewa mengine. Akanyweshwa kombe, akasomewa. Sehemu alizopita sitazitaja. Halafu daktari mmoja kijana akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akamwambia afumbe macho, akaweka stethoskopu juu ya kope, akanyamaza. Akasikiliza. Kisha akamwambia, "Bibi, hiyo sauti yako hata mimi naisikia."

Shangazi alilia. Mwaka mzima alikuwa anaambiwa ana majini, na sauti ilikuwa damu.

Nitaeleza nilivyoelezwa, kwa lugha ya cherehani yangu. Nyuma ya kila jicho, ndani ya fuvu, kuna kibwawa cha damu ya vena, damu inayorudi polepole baada ya kumaliza kazi. Ndani ya kibwawa hicho unapita mshipa mkubwa wa ateri, karotidi, unaopanda kutoka shingoni kwenda kulisha ubongo, na damu yake ina nguvu. Vyote viwili vinakaa pamoja bila kuchanganyika, mfano wa bomba la maji safi lililopitishwa ndani ya mtaro. Bomba likitoboka, maji ya presha yanafumuka mtaroni. Mtaro unajaa na kurudisha nyuma. Na vena za jicho ndimo zinamomwaga damu yake. Zikikosa pa kumwaga zinafura. Jicho linakuwa jekundu na kusukumwa mbele, kope zinavimba, mtu anaona vitu viwili viwili kwa sababu mishipa ya fahamu inayozungusha jicho inapita pale pale, na anasikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo wake. Presha ndani ya jicho inapanda, na ikiachwa, uoni unakwenda.

Njia hiyo iliyofunguka pasipostahili inaitwa fistula. Wanawake tunalijua neno hilo kwenye uzazi. Maana ni ile ile, tundu linalounganisha sehemu mbili ambazo hazikupaswa kuungana.

Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya ghafla na ukali, na kawaida hutokana na kuumia kichwa. Nyie mlioolewa na wachimbaji wadogo kule Geita na Kahama, sikieni hapa. Mume kaanguka kwenye duara, au kagongwa na jiwe, au bodaboda imemtupa barabarani. Jeraha limepona, karudi kazini. Siku au wiki zinapita, jicho linaanza kuwa jekundu, linatoka, ukiliangalia vizuri linadunda. Utaambiwa na watu wazima kwamba wenzake wamemfanyia mambo kwa sababu ya dhahabu. Hilo ni jicho la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Aina ya pili ni ya polepole. Hakuna ajali. Vimishipa vidogo vya utando unaozunguka ubongo vinafunguka taratibu kwenye kile kibwawa. Na wanaopatwa zaidi na aina hii ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi.

Isomeni tena sentensi hiyo. Yapo maradhi yanayolifanya jicho kuwa jekundu, yanalitoa nje, yanamfanya mtu asikie sauti asiyoisikia mwingine, nayo yanawachagua zaidi wanawake wa makamo na wazee. Kisha niambieni yule "mchawi" wa Usukumani anafananaje.

Sisemi kila bibi aliyeuawa alikuwa na fistula. Ni maradhi ya nadra, na macho mengi mekundu ya kule ni ya moshi na vikope. Ninachosema ni kwamba kila dalili iliyoitwa ushahidi wa uchawi ina mahali pake pa kupimwa, na hata ile ya ajabu kuliko zote, ya sauti kichwani, inaweza kusikiwa na mtu wa pili kwa kifaa kilichoning'inia shingoni mwa kila daktari. Si kila fistula inasikika, zile ndogo zinaweza kunyamaza. Lakini inayosikika imejisema yenyewe. Jini gani huyo anayekwenda sawasawa na mapigo ya moyo?

Na wekundu wenyewe haufanani. Jicho la maambukizi ya kawaida linatoa matongo, linawasha, linachomachoma, na kwa kawaida siku kadhaa linapoa. La fistula mara nyingi halina matongo. Ukilitazama kwa karibu unaona mishipa minene iliyojisokota kama uzi uliokamatwa vibaya na sindano ya mashine, inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa duara jeusi. Halipoi kwa matone. Ndiyo maana nina ugomvi pia na baadhi ya watu wa afya wanaomwandikia mgonjwa matone mara ya nne bila kujiuliza kwa nini matatu ya kwanza hayakufanya kazi. Na nina ugomvi na sisi tunaoingia duka la dawa na kuomba "ile ya kufanya macho meupe" wiki ya harusi. Yapo matone yenye dawa za steroidi. Ukiyatumia ovyo yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na jicho lenye fistula tayari presha yake iko juu. Bibi harusi anayevaa niqabu siku yake ya kwanza kutoka, kila mtu anatazama macho tu, naelewa tamaa ya weupe. Lakini jicho moja likiwa kubwa kuliko jenzie, usilifunike kwa wanja. Hata wajawazito wamewahi kupatwa na fistula hii, msidhani ni ya bibi zenu peke yao.

Baada ya kusikiliza na kutazama, anapima presha ya jicho. Ultrasaundi ya jicho inaweza kuonesha vena ya juu imetanuka. Kisha kipimo cha CT au MRI kinaonesha zaidi, na pia kinatenganisha fistula na ugonjwa wa tezi ya shingo, ambao nao hutoa macho nje na kuwapoteza watu. Neno la mwisho ni angiografia: mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa paja au mkono mpaka shingoni, inatiwa dawa inayoonekana kwenye picha, na tundu linaonekana lilipo. Kwa njia hiyo hiyo ya mrija linaweza kuzibwa, kwa vijizongo vya waya laini, bila kupasua fuvu. Zile za polepole nyingine hujifunga zenyewe huku daktari akizifuatilia.

Najua mtakaloniambia. Bibi wa kijijini Geita atapata wapi angiografia? Kweli, si rahisi wala si bei ndogo. Kutoka zahanati mpaka hospitali ya mkoa, mpaka Bugando pale Mwanza, pengine mpaka Taasisi ya Mifupa MOI kule Muhimbili, ni safari inayomaliza ng'ombe. Lakini huyo huyo bibi, ng'ombe zake zinamalizwa na waganga kwanza, na hilo halimshangazi mtu. Na hatua ya kwanza haina gharama hiyo. Sikio na stethoskopu vipo zahanati. Mtu akishajua kwamba mvumo upo na jicho linadunda, hata kama fedha ya safari haijapatikana, yule bibi ameshatoka kwenye kundi la watuhumiwa na ameingia kwenye kundi la wagonjwa. Kule Usukumani hiyo peke yake inaweza kuwa uhai wake.

Na wenzangu wa visiwani msikunje nne mkasema haya ni mambo ya bara. Mwaka 1995, fazaa ya Popobawa ilipotukumba, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu hapa mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Kundi hilo halikutoka Shinyanga. Lilikuwa la watu wanaoswali.

Tena dini tunaitia pasipo mahali pake. "Lakini jicho lipo, ukhty, Mtume (SAW) amelithibitisha." Naam, lipo, nami naamini. Basi tukisome na kisa chake. Sahaba Sahl bin Hunaif alianguka baada ya Amir bin Rabia kumwona anaoga na kustaajabia uzuri wa ngozi yake. Mtume (SAW) hakuamuru Amir afukuzwe mjini. Alimkemea kwa kutomwombea mwenziwe baraka, akamwagiza atawadhe, maji yake yakamwagiwa Sahl, naye akainuka. Na Amir alikuwa nani? Sahaba aliyepigana Badri, si ajuza mwenye macho mekundu. Kisa hicho hakitoi dalili yoyote ya kumtambua mtu kwa rangi ya jicho lake. Hiyo tumeiongeza wenyewe. Tulichofundishwa ni kujiepusha na dhana mbaya, imo ndani ya Surat al-Hujurat, na kutafuta dawa tukiugua. Na anayemwendea mpiga ramli kumuuliza, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Hebu fikiria bibi harusi anayeanza fungate yake na hesabu hiyo, kwa ajili ya kutaka kujua nani kamroga.

Kusomewa hakukatazi hospitali. Msomeeni mama yenu Kursiy na Muawwidhatayn usiku, asubuhi mpandisheni gari.

Mteja wangu nilimjibu haya yote, kwa ujumbe wa sauti mrefu mpaka simu ikapata moto. Nikamwambia pia, wewe unaingia nyumba ile ukiwa mgeni, na mgeni akisema jambo hurudiwa na wenyeji. Ukisema "macho yake siyapendi", wiki ijayo litakuwa limefika kwa mganga nawe hutakuwa na uwezo wa kulirudisha. Ukisema "mama anaumwa jicho, tumpeleke", nalo litarudiwa.

Kwa hiyo wewe ambaye kwenu, au kwa mumeo, yuko mtu wa jicho hilo, hili ndilo la kufanya wiki hii. Nenda naye mwenyewe, usimtume mtoto. Ukifika usiseme "ana macho mekundu" halafu ukanyamaza, utapewa matone. Sema lilianza lini. Sema ni moja au yote mawili. Sema kama limetoka mbele, kama anaona viwili viwili, kama uoni umepungua, kama aliwahi kuumia kichwa, na taja matone yote aliyokwisha kutumia, chupa zake uende nazo mkobani. Kama anasikia mvumo, mwache aueleze mwenyewe kwa maneno yake, usimcheke wala usimkatize. Kisha mwombe daktari kwa adabu aweke stethoskopu juu ya jicho lililofumbwa na asikilize. Akikataa, omba barua ya rufaa kwa daktari wa macho. Na ikiwa uoni unapungua kwa haraka, au jicho linauma sana huku kichwa kinagonga na anatapika, usisubiri wiki hii wala kesho.